Kilichoikondesha Peni ya Ngassa

Haya, wajukuu zangu mnaonisoma, tegueni hiki kwanza. Mwezi wangu mwekundu una tundu kitovuni, haupandi wala hautui.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni peni. Senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati, ambayo wengi wenu hamjaishika. Natamani na mimi nisingeishika.

Kwa aliyenikosa wiki jana: mimi ni Nyamizi, mjane wa Ngassa, naishi hapa Somanda na mjukuu wangu Milembe, binti wa mwanangu Nyanda. Tulifungua sanduku la marehemu tukitafuta cheti cha ubatizo cha Milembe, maana anaolewa na padri anakitaka. Cheti tulikipata. Chini yake tukakuta peni moja imefungwa kitambaani, nyembamba kama ukucha.

Milembe akacheka. "Bibi, hii peni ilikuwa haili?"

Akaipiga picha, akamrushia mchumba wake Fredrick. Hapo ndipo nyumba yangu ilipoingia moto.

Maana Fredrick ni mjukuu wa mzee Luhende. Na Luhende alifungwa miaka miwili kwa kuwaibia wakulima kwenye mizani ya pamba, msimu wa mwaka sabini na nne. Yeye alikuwa mpimaji. Mume wangu Ngassa alikuwa karani, anaandika kilo anazotajiwa. Mkaguzi alipokuja aliikuta mizani nzima kabisa, ila penye kulabu pamekwaruzwa, na kwenye mkwaruzo kuna rangi ya shaba. Kitu kilikuwa kimepachikwa pale, kikatolewa. Hakikuonekana tena.

Ngassa alisimama shahidi. Luhende akaenda jela. Alipotoka, akahamia Mkula na wanawe, kwa sababu kijijini watoto walikuwa wakiwaimbia, "Wana wa mizani, wana wa mizani."

Mmoja wa wana hao ni Mayige, baba yake Fredrick, anayeamini hadi leo kwamba mzee wake alionewa. Alipoiona picha alituma ujumbe mmoja tu: "Mpaka ijulikane kwa nini hiyo peni ni nyembamba, mwanangu haoi nyumba hiyo."

Ndoa ilishatangazwa kanisani mara mbili. Tangazo la tatu ni Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

*

Fredrick alikuja asubuhi yake na pikipiki yake kutoka Dutwa, ana duka la dawa za mifugo kule. Ni kijana wa adabu. Kila akija huinama mpaka naogopa atadondoka. Siku hiyo hakuinama sana.

"Mwangaluka, Bibi."

"Mwangaluka, baba. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa tukirudi."

Nikajua mambo yamebadilika. Kijana akikataa chai yangu, ujue amekuja na baba yake kifuani.

Tukaenda na Milembe kwa sonara, anaitwa Ladislaus, mtu wa Bukoba, ana kibanda karibu na stendi. Ananunua dhahabu za wachimbaji na kutengeneza pete. Ana mizani ndogo inayoweza kupima hata unyoya.

"Bibi, umeniletea mahari?" akatania.

"Ningekuwa na mahari ningekuja kwa mtu mwenye miwani ya kamba?"

Akacheka, akaipokea peni. Alipoishika tu, kicheko kikakatika. Akaipima.

"Gramu nne na kidogo."

Akafungua droo, akatoa peni nyingine. Kuna mama alimletea amtengenezee hereni. Akaipima nayo.

"Hii tisa na nusu. Yako imepoteza zaidi ya nusu, Bibi."

"Kwa nini?" Fredrick akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyohema.

"Sarafu hukonda kwa njia chache," akasema Ladislaus. "Inaweza kuwa imezaliwa hivyo kiwandani, shaba iliyokatwa vibaya. Inaweza kuliwa na asidi, yale maji ya betri. Au ni uzee tu, mifuko na mikono ya watu."

Ewe Mungu, nikasema moyoni, iwe uzee. Iwe mifuko na mikono ya watu.

Akailaza peni yangu juu ya ile ya hereni. Zikalingana ukingo kwa ukingo, tundu kwa tundu.

"Asidi hapana. Asidi inakula pande zote. Ingepungua na upana, na tundu lingetanuka."

Akaigeuza kwenye mwanga. "Kiwandani nako hapana. Tazameni."

Tukainama vichwa vinne juu ya kipande cha shaba. Upande mmoja ulikuwa na pembe za ndovu zimezunguka tundu, na herufi kali kama zimepigwa jana.

"Ingekuwa uzee, pembe hizi zingekuwa zimefutika. Peni hii haikutembea sana mifukoni."

Akaigeuza upande wa pili, penye taji na jina la mfalme wa wakoloni. Hapakuwa na taji. Hapakuwa na mfalme. Palikuwa peupe kama kiganja.

"Imesagwa," akasema. "Upande mmoja tu. Makusudi."

Nikatafuta kiti, hakikuwepo. Nikaegemea meza.

"Kwa tupa?" Fredrick akauliza.

"Tupa ina njia iliyonyooka. Hii mikwaruzo inakwenda ikipinda, inarudi ikipinda. Ni mkono uliokuwa unasukuma na kuvuta, kama anayesaga mtama. Hii ilisagwa juu ya jiwe, kidogokidogo, siku nyingi."

"Mwanamke," akasema Fredrick.

"Mimi natengeneza pete, kijana. Sitaji watu."

Milembe, mtoto wa watu, hajui kitu, akanigusa bega huku anacheka ili kupoza moto. "Basi muulizeni Bibi. Kwa kusaga hana mwenzake Bariadi nzima."

Nikaiingiza mikono yangu ndani ya kitenge.

Ladislaus hakuwa amemaliza. Akachukua sindano, akagusa upande wa zile pembe za ndovu. "Na hapa pana bonde dogo, mnaliona? Chuma kizito kiliegemea hapa kikakandamiza. Sijui ni chuma gani."

"Mimi najua," akasema Fredrick. "Ni kulabu ya mizani."

Akatoka nje, simu sikioni. Nilimsikia anamwambia babu yake, "Guku, nimeijua. Imesagwa. Imesagwa na mwanamke wa nyumba ile."

*

Sasa niwaambieni kitu ambacho sijamwambia padri, wala mwanangu, wala mto ninaoulalia.

Ni mimi.

Mikwaruzo ile niliitambua kabla ya yule sonara kuitafutia jina. Mtu hasahau mwandiko wa mkono wake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa, tumbo halijashika. Mama mkwe alikuwa akinipitia uani anauliza kwa sauti, majirani wasikie, "Hivi huyu ng'ombe tuliyeletewa ni wa maziwa au wa kukimbiza inzi?" Nilimaliza darasa la saba, najua kusoma na kuandika. Kusoma hakukunisaidia. Mtu akikutukania tumbo, hata ungekuwa na digrii utakwenda kwa mganga.

Siku moja Ngassa akarudi na peni. Pesa hizo zilikuwa zimeshakufa, dukani hazipokelewi. Akaniambia ametoka kwa mganga ng'ambo ya mto.

"Utaisaga upande wa mfalme," akasema, "juu ya jiwe alilokupa mama yako. Vumbi lake utalichanganya kwenye uji, utakunywa. Ukiwa unasaga usiseme. Na usiniulize kitu mpaka iishe."

Hapo hapakuwa na ajabu. Dawa zetu ndivyo zilivyo. Kila dawa ina mwiko wake, na mwiko mkubwa ni mdomo. Ukiuliza, umeivunja. Basi sikuuliza.

Ila alinipa na kitu kingine. Kijiti kilichochanwa ufa.

"Kila jioni pitisha peni kwenye ufa. Siku itakayopita bila kukwama, imetosha. Usiizidishe."

Wajukuu zangu, jiulizeni swali ambalo mimi sikujiuliza kwa miaka hamsini. Dawa inayonywewa vumbi lake, kwa nini inapimwa unene wa kilichobaki?

Nilisaga siku tisa. Nilisaga mpaka ncha za vidole zikachunika. Uji ulikuwa na ladha ya ufunguo. Siku ya tisa peni ikapita, Ngassa akaichukua, akasema anairudisha kwa mganga.

Wiki ile ile kituo cha pamba kikafunguliwa.

Ile mizani ya rula labda mliwahi kuiona. Ni fimbo ya chuma, upande mfupi unaning'iniza gunia kwenye kulabu, upande mrefu unatelezesha jiwe mpaka ilale sawa. Ukiisogeza kulabu kuelekea katikati ya fimbo kidogo tu, kiasi cha ukucha, gunia linasoma pungufu. Peni nzima isingeingia pale penye kulabu, ingekwama na kuonekana. Peni iliyokonda inaingia na kupotea.

Katika kila kilo mia, kilo tatu hazikuandikwa. Wamama waliokuja na watoto mgongoni, wamelala shambani kulinda pamba, niliwaibia mimi na jiwe la mama yangu.

Na mwezi uliofuata nikashika mimba. Akazaliwa Nyanda. Mnaona nilivyofungwa? Ningemshuku vipi mganga ambaye dawa yake ilijibu? Miaka yote nimeikumbuka peni ile kwa kuipenda. Nilidhani ndiyo iliyonipa mwana.

Kumbe hata mganga sidhani kama alikuwepo.

*

Tulipofika nyumbani nilimvuta Milembe jikoni, nikamweleza yote. Sikutaka aisikie kwa mwingine.

Hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanitazama.

"Bibi, umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu. Sema hujui. Sema labda alikuwa mama yake babu, yeye ameshakufa, hakuna atakayemdai neno."

"Nimsingizie maiti?"

"Alikuwa akikuita ng'ombe!"

"Hata hivyo."

"Bibi." Akanishika mikono yote miwili, ile ile. "Baba yake Fredrick ameimbiwa wana wa mizani utoto wake wote. Ukisema ni wewe, unadhani atanipa wajukuu wake niwalee? Nitakuwa mkwe au nitakuwa kesi?"

Nilikuwa sijamjibu tuliposikia pikipiki. Si ya Fredrick. Ni bodaboda ya stendi.

Akashuka mzee mrefu, kofia ya pama, fimbo mkononi, suruali imejaa vumbi la basi. Sikuwa nimemwona tangu siku walipompandisha gari la polisi. Nilimjua kwa mabega.

Luhende. Kutoka Mkula, umri ule, bila kuaga mtu.

Fredrick aliyekuwa ameketi kibarazani akaruka. "Guku! Ungenipigia nije nikuchukue!"

"Nimejileta. Mwadila, shemeji."

"Mwadila," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Akaketi. Akanywa maji, glasi nzima. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa mezani, penye kitambaa.

"Fredrick, nenda na mchumba wako mkanitafutie soda. Ya baridi sana."

"Guku, soda ipo hapo jirani, Milembe ataleta peke yake..."

"Ya jirani siitaki. Nendeni wote wawili. Na msikimbie."

Milembe alinitazama mlangoni. Midomo yake ilisema bila sauti: *hujui*.

Wakaondoka.

Luhende akafungua kitambaa. Akaiweka peni kwenye kiganja, akaisukuma kwa kidole gumba.

"Ngassa alikwambia nini kuhusu hii?"

"Alikufa hajaniambia kitu."

"Hata mwisho? Hata alipokuwa anaumwa?"

"Hata mwisho."

Akashusha pumzi. Mimi nikadhani ni pumzi ya uchungu. Mtu amefungwa bure, miaka hamsini anangoja neno moja, na mwenye neno amezikwa nalo. Nikaona aibu. Nikamkumbuka Milembe, nikayakumbuka maneno yake yote, na mdomo wangu ukaenda kinyume.

"Shemeji, niliisaga mimi."

Nikamwambia. Uji, jiwe, siku tisa, mwiko. Nilipiga magoti nisijue nimepiga saa ngapi. Nikamwambia, "Ulilala jela kwa mikono hii. Nitasema mbele ya Mayige, nitasema kanisani ukitaka. Ila mtoto usimwadhibu. Milembe hakusaga kitu."

Nje bodaboda zilikuwa zinapita, moja, nyingine, nyingine.

"Inuka, shemeji," akasema mwishowe. "Usinipigie magoti mimi."

"Nina haki ya kukupigia."

"Huna. Inuka, nakwambia."

Nikainuka. Sasa ndipo aliponitazama, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyeonewa. Nimeyaona macho ya namna hiyo kwenye kioo changu, tangu asubuhi ile.

"Ngassa alikuwa mtu wa kalamu," akasema. "Hakujua mizani. Asingejua peni inatakiwa ibaki na unene gani. Ningemwachia mwenyewe angeleta nzima ikakwama siku ya kwanza."

"Ungemwachia..."

"Kijiti nilikichana mimi. Niliupima ufa kwenye kulabu kwa mkono wangu." Akaifunga peni kitambaani, taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Tulikuwa wawili. Tulikubaliana atakayekamatwa asimtaje mwenzake. Nikakamatwa mimi. Yeye akaenda kuwa shahidi, lakini sikumtaja. Nilipotoka nikakuta wanangu wanasema, 'Baba alionewa.' Walikuwa wanapigana shuleni kwa ajili ya neno hilo. Mayige aling'olewa jino kwa ajili ya neno hilo. Ningewaambia nini, shemeji? Nikawaacha."

Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.

"Kwa hiyo umekuja kwa nini leo?"

"Kujua kama Ngassa alikuachia maneno. Hakukuachia. Basi."

"Basi?"

"Mimi nimebakiza miaka michache. Niache nife nimeonewa."

Kabla sijajibu, viatu vikasikika kibarazani. Walikuwa wamekimbia. Fredrick aliingia na soda mbili mkononi, jasho usoni. Milembe nyuma yake, macho kwangu, ananiuliza.

Fredrick hakuziweka chini zile soda. "Guku, samahani, baba amepiga simu njiani. Anataka jibu sasa hivi, amwambie padri aendelee au afute. Bibi amesema ni nani?"

Luhende hakunitazama.

"Amesema," akajibu. "Aliyeisaga ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi sina la kuongeza."

Milembe alishika mlango. Fredrick alinigeukia, na heshima yote aliyowahi kuwa nayo kwangu niliiona inatoka usoni mwake kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

"Bibi," akasema, "ulimfunga babu yangu?"

Yule mzee akainua fimbo yake aondoke. Nikaiwekea mkono juu, nikaibana mezani.

"Kaa chini, shemeji," nikamwambia. "Fredrick, mpigie tena baba yako. Weka ile sauti ya nje, tusikie wote. Halafu mwulize babu yako ile peni ilipimwa na nani."

Simu ikaanza kuita.